Aijuaye ni Dobi

Magazeti yameshatoa orodha zao za msimu:
nani kaiangusha timu, nani kaangushwa nayo,
yupi apewe alama mbili kwa kumi, yupi sifuri.
Mimi sikuulizwa.
Mimi ni dobi, Towcester, nyuma ya duka la mikate.
(Mji huandikwa kwa herufi tisa,
hutamkwa kana kwamba ni kichomea mkate.)
Nina mashine tano, pasi mbili,
na kandarasi ya ovaroli za madereva
tangu Machi hadi majani yazibe mifereji.
Upepo ukitoka Silverstone
nawasikia hata mashine zikiwa zinakamua.

Jasho halina ufundi wa kusema uongo.
Ovaroli ya mtu aliyepigana mizunguko hamsini
huja nzito kama mtoto aliyelala,
chumvi imechora ramani mgongoni,
magoti yananuka breki.
Hiyo naiosha kwa adabu
hata kama mwenyewe kamaliza wa kumi na saba.

Ya Piers Hallam ilikuja kavu.
Machi, kavu. Aprili, kavu,
na karatasi ya peremende kwenye mkunjo wa shingo.
Baba yake kamnunulia kiti kwa fedha za vigae vya bafu.
Kona ya kwanza, changarawe.
Wiki ya pili, ukuta.
Wiki ya tatu taa zilizimika, na gari likazimika nazo.
Mei niliikunja bila kuifua,
nikainyunyizia manukato, nikairudisha.
Hakuna aliyegundua.
Nguo ya kuazima haisitiri maungo,
lakini huyu alinunua, risiti ipo,
na bado tulimwona hadi mbavu.

Halafu Harbottle.
Februari walizindua gari kwa moshi wa rangi na tarumbeta,
wakaniletea ovaroli thelathini, nyeupe.
Nyeupe!
Nani hufungua injini akiwa kavaa kama bwana harusi?
Kufikia Julai weupe ule ulikuwa umekwisha,
gari linatapika oili Jumapili hadi Jumapili,
mafundi wanasimama mikono kiunoni
kama waliofiwa na mtu wasiyempenda sana.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni;
zao hata ukingo hazikuuona,
ziliishia juu ya gari la kukokota.
Bili yangu ya Agosti hadi leo hulipwa kwa salamu:
wahasibu wanaishughulikia, mama, vumilia.

Lakini orodha zote, zote,
zimemweka juu kabisa Gethin Pascoe.
Bingwa wa zamani, miaka arobaini na moja.
Mwandishi mmoja kasema mzee anaendesha
kama anayetafuta maegesho.

Ovaroli ya Gethin ilikuja nzito kila mara.
Juni niliona bega la kushoto limelika
hadi kitambaa cha ndani,
la kulia jipya kama siku lilipotoka dukani.
Usukani hushikwa kwa mikono miwili.
Nilitia kiraka, sikusema kitu.
Julai kiraka kikalika.
Agosti alikuja mwenyewe, mlango akausukuma kwa nyonga,
akaniomba uzi wa rangi ileile,
mishono midogo, isionekane kwenye kamera.
Nikashona usiku, redio nimeizima.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha.
Ya aliye hai, anayejua ni mimi na sindano,
na sindano haina mdomo, ina jicho tu.

Jana alikuja kuichukua ya mwisho.
Gazeti lilikuwa mezani, ukurasa uleule,
nikaweka kikapu cha soksi juu yake,
nimechelewa, alikwisha kuliona.
Akacheka kidogo.
Pochi aliitoa kwa mkono wa kushoto,
akaifungua kwa meno,
akauliza anadaiwa shilingi ngapi.
Hivyo ndivyo alivyosema, shilingi,
neno nililomfundisha mwenyewe mwaka juzi.

Nikamwambia pauni sita na nusu.
Pamoja na uzi.