Siku Kumi na Moja

Mbodze alikula kiapo Jumanne, huko Brescia,
mbele ya meya mwenye utepe wa rangi tatu begani.
Picha ninayo: dada yangu ndani ya koti la kuazima,
macho kwenye karatasi, mdomo wazi kidogo,
Haluwa pembeni, nywele kasukwa upya,
na Mwaro nyuma yao, mrefu,
nusu ya uso wake nje ya picha.

Alipotoka mle alikuwa Mtaliano.
Haluwa naye, bila kutamka neno,
peremende ingali shavuni,
akawa Mtaliano.
Ndivyo sheria ya kule: mtoto humfuata mzazi
kama kifaranga apitavyo chini ya ua nyuma ya mamaye,
mradi walale nyumba moja,
mradi hajatimiza kumi na minane.

Mwaro alikuwa amezitimiza
tangu siku kumi na moja.

Hapa Maweni siku kumi na moja
ni deni la unga ambalo mwenye duka hajaanza kuliulizia.
Ni kidonda kinachoanza kuwasha.

Barua ilinijia kwa simu, kurasa nne, niisome.
Mimi wa huku, nisiyewahi kupanda ndege,
niliyejifunza Kitaliano jikoni kwa Sinyora
nikichemsha tambi na kutukanwa miaka kumi na saba.
Mbodze wa kule anajua maneno ya kuwaogeshea wazee;
ya serikali humpiga chenga.
Nikasoma polepole, kidole kwenye kioo.
Nilipofika "tarehe ya kuzaliwa"
nikaiweka simu kifudifudi juu ya meza.

Tarehe ile niliiandikisha mimi.

Mbodze alikuwa keshasafiri, kaniachia wawili.
Mwaro ana miaka mitano na miezi tisa,
na mwalimu mkuu kashika mlango:
sita kamili, ama arudi mwakani.
Mwakani! Na uji wa saa nne ulikuwa shuleni,
si kwangu.
Nikaenda kwa msajili, nikapanga foleni
nyuma ya mama aliyebeba mapacha.
"Kazaliwa lini?" Karani hakuinua kichwa.

Alizaliwa mwezi wa tano, mvua ya mwaka,
Sabaki umefurika, bahari yote ya Malindi
nyekundu kwa tope la bara,
mkunga kaja na viatu mkononi.

Nikasema: Februari, tarehe kumi.
Muhuri ukagonga.
Mtoto akapata uji.

Sasa wakili wa pale karibu na soko
ananiambia kusahihisha kunawezekana:
kiapo changu, shahidi wawili, ada.
Mkunga tumemzika. Shahidi wa pili ni bahari.
Halafu akavua miwani:
"Na kibali chake cha kuishi kule
kimekaa juu ya cheti hiki hiki.
Ukisema huu ni uongo, mzee,
unavuta mkeka aliokalia."

Nikalipa ada ya ushauri. Nikatoka.
Muuza vinyago mmoja akamwita mtalii,
"Chao, bela!" kwa lafudhi safi kabisa,
nikacheka peke yangu barabarani
hadi watu wakanipisha.

Usiku Mwaro alipiga.
Hakulalamika. Alisema foleni ya kibali
huanza saa kumi na moja alfajiri,
kwamba Haluwa anataka kumsindikiza
na yeye hataki.
Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei:
"Mjomba, mimi hasa nilizaliwa lini?"

Nikamwambia bahari ilikuwa nyekundu.

Akanyamaza. Nikasikia treni kwake, popo kwangu.
"Hilo," akasema, "halina kisanduku kwenye fomu."

"Halina," nikasema.
"Lakini uji ule,
unaukumbuka?"

"Ulikuwa na moshi," akasema.
"Nilikuwa nakunywa vikombe viwili."