Mashine Isiyokumbuka

Filamu ziko mia mbili na kumi na saba,
sita kwa sita, vipande vya picha tatutatu,
ndani ya kopo la biskuti lililotiwa mchele
kama simu iliyotumbukia kisimani.
Unyevu wa Mkomani hauna adabu:
umeshatia ukungu pembeni, mweupe, wa nyuzinyuzi,
kama kofia aliyoiacha mshonaji kabla ya kuimaliza.

Nikaanza kutafuta skana.

Famau wa Mombasa anayo moja kuukuu,
nzito kama mfuko wa saruji.
"Hii huona hata wazo," ananiapia kwa simu,
"nukta elfu nne kwa inchi, dada, elfu nne!"
Ila haizungumzi na kompyuta yoyote iliyozaliwa
baada ya mdogo wangu kuota meno,
na waya wake hauuzwi tena, labda Dubai, labda peponi.

Ya dukani ni bapa, kama ya kutolea kopi za vitambulisho.
Kishikio chake ni plastiki; filamu hubonyea katikati
kama kitanda cha kamba kilicholegea,
na penye kubonyea, macho ya mtu huyeyuka.
Nikiilaza juu ya kioo chenyewe, huzuka pete za rangi,
mafuta ya taa juu ya dimbwi.

Binamu yangu Shekuwe akasema: usinunue kitu.
Piga picha ya picha, kamera juu, taa chini,
fundi wa Langoni akuchongee fremu.
Nikachongewa. Ikaja na nakshi za maua pande zote,
fundi hakuweza kujizuia,
na mwanga ukavuja kupitia kila ua.

Na Nairobi wako wataalamu wenye silinda ya kioo:
tuma kopo kwa basi, tutakutolea hata chembe ya poda shavuni.
Hapo ndipo nilipokwenda kwa shangazi, Bi Tima,
na karatasi yangu ya bei.

Alikuwa anachambua asumini kwa vidole.
Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho,
la kulia linangoja daktari wa Machi.
"Hiyo ya Nairobi, nani ataitazama?"
Vijana wa pale, shangazi. Wanaume, nadhani.
"Na hizo nyingine, zikishaona, hukumbuka?"

Nikanyamaza. Nilijua kilichomo koponi:
maharusi wa miaka kumi na minne,
usiku wa kutolewa nje, wanawake peke yao ukumbini,
nywele wazi, vikuba kifuani, hina haijakauka,
wametulia mbele ya kamera
kwa sababu aliyeiinamia alikuwa Tima,
na Tima alisafisha picha mwenyewe,
chooni, mlango umekomewa.

Nikanunua ile bapa.
Si bora. Naandika hivi asije mtu kunifundisha.
Nilikata pakiti ya maziwa, nikainua kishikio milimita moja,
nikakandamiza filamu kwa kioo kisichong'aa; macho yakarudi.
Kompyuta nimeitoa kwenye mtandao.
Tunafanya kazi baada ya isha,
mwanga ukitambaa polepole chini ya kifuniko,
na juu ya kifuniko shangazi ametupia leso.

Jana ilitoka moja, safi mpaka nyuzi za kisutu.
Programu ikauliza: nifute vumbi? nifute mikwaruzo?
Bi Tima akasogea hata pua ikagusa kioo.
"Ndoo, umpigie simu. Muulize yeye kwanza.
Ana wajukuu sasa. Pengine hataki.
Pengine ataitaka kubwa, ya chumbani."