Mbavu Kumi na Tisa

Niliandika mimi. Mwandiko ni wangu,
kalamu ni ya serikali, ile ya buluu inayovuja.
Tarehe. Mahali: Langoni, Lamu. Mali iliyoshikwa:
hapo nikakwama.

Afisa Nyamai si mtu mbaya.
Alibisha hodi, akavua viatu mlangoni
ingawa karakana ya Fundi Lali Famau haina mkeka,
ina maranda hadi vifundoni.
Akauinua udi ambao haujatiwa uso,
tumbo wazi kama boga lililokombwa,
akazihesabu mbavu kwa ncha ya kidole:
nyeusi, manjano, nyeusi, manjano,
kumi na tisa.

"Hizi za manjano?"
"Mfenesi. Wa shamba la shemeji yangu, Matondoni."
"Na nyeusi?"
"Sesemi."
"Ya wapi?"
"Ng'ambo."
"Karatasi?"

Fundi akacheka kidogo, si kwa dharau,
kama mtu aliyeombwa cheti cha ubikira cha nyanyake.
"Karatasi ya nini, mwanangu? Hiki ni kitanda.
Ni ulili wa nana, ulokuya kutoka Hindi babangu hayazawa.
Wamezawa yuu yake watu wanane,
na watatu wamefia papo hapo.
Mfumbati mmoja nimeupasua. Wa pili ungaliko."

Nyamai akafungua jedwali,
akasoma polepole, kama asomaye kipimo cha dawa ya mtoto:
mti ulioingia nchini kabla ya mwaka kadha wa kadha
umesamehewa, ikithibitishwa.
"Basi thibitisha," akasema, kwa upole kabisa.

Gundi ilikuwa ikitokota juu ya jiko.
Fundi aliupapasa ukuta kwa macho,
misumeno, randa, kalibu ya udi mwingine,
kisha akashusha mkebe wa biskuti
akatoa karatasi iliyomo, moja tu:
Nimepokea kwa Bw. Shekuwe Omari
shilingi elfu nane, arubuni ya udi.
Akampa Nyamai. Nyamai akanipa mimi.
Nikasoma jina langu.

Sikusema kitu. Au nilisema "mm."

Sitadanganya: sheria ile naielewa.
Nilikaa Kilindini miaka sita kabla ya kuletwa huku.
Nimeona kontena likifunguliwa, ubavuni limeandikwa majani ya chai,
ndani magogo mekundu yamepangwa kama samaki wa barafu,
bado yanatoa utomvu.
Lile tulilishika. Mengine yalikuwa na karatasi,
tena nne nne, za rangi rangi, na mihuri isiyofutika.
Nilitia sahihi, yakapita.

Ubavu wa udi ni mwembamba kuliko sarafu.
Ukiuinua mbele ya taa, mwanga unapenya.

Fomu haina mstari wa udi.
Ina mstari wa mbao, na mwingine wa mita za ujazo.
Nikaandika: Mbao, vipande kumi na tisa, zilizogundishwa.
Ujazo: sifuri nukta sifuri sifuri,
nikaachia hapo, kisanduku kilijaa.
Fundi akatia sahihi kwa penseli yake ya useremala.
Nyamai akasema penseli haikubaliki.
Nikampa kalamu yangu.

Sasa uko stoo ya forodha, rafu ya pili,
baina ya jokofu lisilo na mwenyewe na magunia ya sukari.
Jioni kabla sijafunga huugonga kwa kifundo cha kidole.
Hauna uso, hauna nyuzi, na tumbo lajibu.
Wenzangu nimewaambia nakagua mchwa.

Jana nilikutana na fundi penye duka la misumari.
"Arubuni yako ntakurejeza mwezi ujao."
Nikamwambia aiweke.
"Niiweke ya nini?"
Sikuwa na la kujibu, nikauliza tu, kwa kuuliza,
ule mfumbati wa pili, na matendegu,
kama viko mahali pasipovuja.

Akanitazama. Akaitazama beji kifuani mwangu.
"Kitanda kipi?" akasema.