Sauti Ndani ya Gari la Baba

Baba, nilipoanguka mtihani mara ya nne sikukupigia simu.
Ukianguka kutoka farasini, aibu ni ya dakika moja:
unajipangusa vumbi, farasi mwenyewe ameshasahau.
Hapa Obihiro aibu ina risiti.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi ya tatu nilipewa fomu.
Leseni yangu ya Ulaanbaatar ikatafsiriwa neno kwa neno,
hata doa la chai likaulizwa ni muhuri wa ofisi gani.
Nikaambiwa nithibitishe
kwamba baada ya kuipata nilikaa kwetu miezi mitatu.
Nilikaa miaka kumi na miwili, Bwana!
Lakini kukaa kwenu hakupigwi muhuri.
Anayepigwa muhuri ni anayeondoka.

Ulinifundisha usukani kusiko na barabara.
Lenga mlima ule, ulisema, ukifika mtoni shuka ujue kina.
Nimebeba kondoo wagonjwa kiti cha nyuma,
nimezalisha ngamia kwa mwanga wa taa za mbele,
na sasa nipo ndani ya uwanja wenye uzio,
kwenye njia inayojipinda isifike popote,
nikisubiri taa nyekundu isiyomzuia mtu,
na kando yangu Bwana Kudo, glavu nyeupe, kalamu pajani.

"Hukutazama kushoto."
Nilitazama.
"Kwa nini?"
Kwa macho.
"Macho siyaoni. Nionyeshe shingo."

Rosaura wa Bolivia, mtafiti wa viazi, ameanguka mara saba,
kwa hiyo ndiye mwalimu wetu.
Usiku, jikoni bwenini, viti viwili, sahani ndiyo usukani:
Zunguka gari. Inama, chungulia uvunguni, huenda pana paka.
Hapana paka.
Chungulia hivyo hivyo!
Kioo, indiketa, shingo. Kioo, indiketa, shingo.
Sahani ikavunjika kwenye kona ya tatu,
tukacheka mpaka Mkorea wa chumba cha juu akagonga sakafu.

Niliona ni maigizo, Baba. Sikufichi.
Mpaka asubuhi moja, karibu na kiwanda cha maziwa,
mimi juu ya baiskeli, mfuko wa vitunguu kwenye mpini,
lori likawasha indiketa likataka kukata kushoto
na mimi nimo upande ule ule, pale kioo kisipofika.
Dereva akageuza shingo.
Hakunisalimu. Alisimama tu.
Vitunguu viwili vikaviringika chini ya tairi lake lililotulia.

Mara ya tano Bwana Kudo aliandika kidogo sana.
Picha yangu kwenye leseni ni ya mtu aliyefiwa,
lakini leseni ni leseni.

Kigari nimekinunua kwa mzee Hatanaka, mkulima wa viazisukari;
mlango mmoja haufunguki, unanuka udongo.
Nikawasha.
Akasema.
Yule mwanamke, Baba! Yule yule
wa gari letu la mtumba lililokuja toka Japani,
aliyetamka sentensi moja kila asubuhi,
ukagonga dashibodi ukamjibu, "Nawe uwe salama."
Bibi hakukubali gari liondoke kabla hajamaliza dua yake.
Mama alinyunyizia matairi maziwa, mwanamke akisema.
Siku ya kunipeleka uwanja wa ndege alisema,
nikalia kwa ajili yake pia.

Sasa Kijapani nakisikia.
Anasema: Kadi haijaingizwa.
Kadi ya ushuru wa barabara kuu, Baba. Basi.
Miaka tisa alikudai kadi
ya barabara zilizobaki kwao.

Nilikaa palepale mpaka kioo kikaingia ukungu.
Kukwambia, sijui. Labda Bibi asiwepo karibu.
Nikashuka, nikachungulia paka,
nikapanda, kioo, indiketa, shingo.

Kadi ninayo. Imo kwenye pochi.
Siiingizi.