Nukta ya Penseli

Kamati inakutana Alhamisi.
Leo Jumanne, theluji imelalia mabomba ya kiwanda
kilichofuma pamba zamani, kabla hakijawa maktaba yetu,
nami nimeagizwa kumpima Daktari Bogna Wrzesińska.
Si presha wala sukari.
Ametajwa mara ngapi, na nani, na ameandika na nani.

Kanuni yenyewe mtoto wa darasa la nne angeiweza:
zipange makala zake, iliyotajwa sana mbele,
shuka nazo moja moja ukihesabu,
na pale nafasi inapoipita idadi ya kutajwa
simama, rudi hatua moja, andika.
Nimeandika kumi na tisa.
Kamati inataka ishirini.

Kumi na tisa.
Kiatu cha kwanza cha mwanangu kilikuwa namba hiyo.
Humo imebidi iingie miaka thelathini na moja
ya vichanga wa manjano chini ya taa ya buluu,
vitambaa machoni, ngumi zimefumbwa,
usiku wa Łódź ukikwaruza vioo kwa barafu.

Makala yake inayoongoza imetajwa mara mia nne na kumi na mbili.
Nikafungua wanaoitaja.
«Tofauti na Wrzesińska.» «Kinyume cha Wrzesińska.»
«Wrzesińska, ambaye hakupima vizuri.»
Mwaka uliofuata alijisahihisha mwenyewe, kurasa tatu, bila kujitetea.
Sahihisho limetajwa mara sita.
Chema chajiuza, wasemao;
hawajawahi kukaa kwenye dawati langu.

Na makala ya ishirini?
Imetajwa mara kumi na tisa.
Imebaki moja.
Profesa Dolata amesimama mlangoni na glasi ya chai,
anaipuliza, anaitazama, anaipuliza tena:
«Jagna, si una makala yako inatoka mwezi huu?
Sentensi moja tu. Nani atahisi?»

Sikumjibu. Nikachora mtandao.
Kila mwandishi nukta, kila makala ya pamoja uzi,
na uzi hunenepa kadiri walivyoandika.
Poznań ikaja, Turku ikaja, Porto ikaja na nyuzi zake nyembamba.
Picha nzuri. Kamati hupenda picha.
Lakini bibi yangu alifuma kwenye ghorofa hii hii,
akiunga nyuzi zilizokatika kwa vidole viwili
mpaka mashine zikamla sikio la kushoto,
na najua angeinamia kioo na kuuliza kwa sauti ya viziwi:
MSHINDIO NAUONA. MTANDE UKO WAPI?

Nikarudi kwenye shukrani,
zile herufi ndogo chini kabisa, ambazo programu haizisomi.
Lidka Szczypior.
Makala ishirini na saba: Lidka Szczypior, muuguzi.
Yeye ndiye aliyetoboa visigino saa tisa za usiku,
tone, jina, saa; tone, jina, saa,
akapasha visigino joto kwanza katika viganja vyake
(hilo halimo kwenye mbinu za utafiti, nililisikia kwa mama mmoja).

Na uko ukurasa mmoja wa mwaka tisini na nane,
wa Kipolandi, uliotajwa mara mbili,
umebandikwa kwa gundi ya karatasi katika wodi ya Bałuty.
Pembe yake ina doa la chai.
Wauguzi huusoma wamesimama, mtoto mkononi.
Ukuta hauandiki marejeo.

Nikaacha kumi na tisa.
Dolata akaondoka na chai yake, imeshapoa.
Kisha nikachapisha ile picha, nikachonga penseli,
nikatia nukta moja katikati, palipokuwa peupe,
nikaanza kuvuta nyuzi kutoka kwake, moja, mbili, tano.
Kwenye wa kumi na nne penseli ikavunjika.

Alhamisi, mjumbe mmoja aliisugua ile nukta kwa kidole,
akakitazama kidole,
akaisugua tena.