Hino, Nambari Moja

Umeme ulikatika Shimanzi saa nane usiku.
Uliporudi, mashine pepe ziliamka
kila moja ikijipapasa gizani, ikitafuta mikono yake.
Ile ya geti ina kadi mbili za mtandao:
moja huzungumza na mzani, moja na forodha.
Zikaamka zimebadilishana majina.
Mzani ukapiga hodi forodhani,
forodha ikajibu, sikujui,
na malori yakajipanga hadi Changamwe,
honi juu ya honi, kama harusi iliyokimbiwa na bwana.

Nikamwita Nyamvula.
Akaja na ndara za ndani na chupa ya kahawa ya tangawizi.
"Nyinyi mnazipa majina kwa zamu ya kuamka," akasema.
"Mtu akichelewa kuamka, ndiyo apewe jina la nduguye?"

Akafungua faili la mashine, akanisogezea kiti.
Kompyuta ya chuma, akanieleza,
huzaliwa na kadi yake ubaoni, imeshikwa kwa lehemu,
na programu thibiti huiandika daftarini:
hii ya hapa hapa, hii ya kwanza.
Mfumo ukiamka husoma daftari, basi,
hauulizi ukoo.
Lakini yetu ni pepe.
Haina ubao, haina lehemu,
ni maneno yaliyokalia maneno.
"Basi daftari tutaliandika sisi."
Kwa vidole viwili, polepole,
kadi ya mzani akaipa fahirisi moja.
Ya forodha, mbili.
Mistari miwili. Nilitaraji kubwa zaidi.

Nikamwuliza, "Si uongo huu?
Kuiambia imezaliwa ubaoni, na ubao hakuna?"

Nilijuta kabla sijamaliza.
Nyamvula ana miaka thelathini na mmoja.
Mara nne ameketi kwenye benchi la kamati,
akaulizwa nyanyake amezikwa wapi,
akaulizwa nyanya wa nyanyake,
na kwa kuwa mmoja wao alishuka Shimoni akitoka Pemba
na mkeka na watoto wawili,
mara nne ameambiwa arudi na mzee mwingine.
Laini ya simu si yake.
Mshahara wake hupitia kwa shemejiye,
naye shemeji hukata ya nauli.

Akamimina kahawa kwenye kifuniko.
"Itafanya kazi au haitafanya?
Washa."

Nikawasha. Maandishi yakapanda kiooni mbio mbio,
kisha kadi ikajitaja yenyewe:
e, n, o, halafu moja.
Mimi wa Kibokoni nikasikia hino.
Hino moja,
kama mamangu akichagua nazi Marikiti,
akigonga kwa kucha: hino, si ile.
Tukazima makusudi, tukawasha.
Tukachomoa waya wa forodha, tukawasha.
Tukaamsha ya pili kabla ya kwanza.
Hino. Hino. Hino.

Saa kumi na moja geti likafunguka,
lori la kwanza likapanda mzani, tani ishirini na saba.
Nyamvula alikwisha ondoka, chupa ameisahau.

Imebaki fomu ya tukio.
Fundi aliyehudumu: nimeandika jina lake lote,
Nyamvula Hamadi Mbwana, kwa herufi kubwa.
Chini yake, nambari ya kitambulisho.
Karani wa asubuhi amepiga simu mara mbili.
Anasema mfumo haupokei pengo.