Kikombe Kimoja Pungufu

Nyuma ya kaunta ya sinema yetu, hapa Buffalo,
kuna chumba ambacho watazamaji hawakijui:
masanduku sita ya kadibodi, kila moja na mfuko wa shira tumboni,
nyeusi, nzito, inayonata vidoleni kama gundi ya fundi viatu;
mtungi wa gesi umefungwa mnyororo ukutani kama mshitakiwa;
na bomba. Bomba moja tu, la shaba,
linaloingia kutoka barabarani bila kubisha hodi.

Nilipoanza kazi, Darlene alinifundisha hesabu yake:
maji sehemu tano, shira sehemu moja,
gesi ya kuuma ulimi, barafu hadi shingoni.
Na barafu nayo, nikamwambia, si ni maji yaleyale
yaliyovaa koti?
Akacheka. "Usiwaambie."

Soda kubwa, dola saba na senti hamsini.
Maji ya chupa, dola tano
(chupa imesafiri kwa lori, kifuani ina picha ya mlima
ambao haijawahi kuuona).
Maji ya bomba bure, ila kikombe si bure.
Hapo nilikwama wiki nzima.
Soda haina hesabu. Ikimwagika, pangusa.
Kinachohesabiwa usiku ni vikombe,
kimoja kimoja, kama kura.

Kwetu Ujiji maji ndiyo yaliyokuwa na bei:
dumu la lita ishirini, foleni, ugomvi, bega kuuma.
Soda ilikuwa ya mgeni. Unatumwa dukani na chupa tupu,
unarudi umeshika baridi kwa mikono miwili,
unakaa mlangoni ukimwomba Mungu mgeni asiimalize.
Mjomba Ruhinda aliimaliza daima. Sijamsamehe.
Siku hizi mama huniuliza kwa simu,
"Huko mnakunywa soda kila siku?"
Namjibu, naoga nayo. Anacheka mpaka anakohoa,
halafu anautaja mguu wa baba,
ule uliokatwa chini ya goti, na hacheki tena.

Nimepima. Nyumbani, kwa kijiko cha chai, usingizi umenikimbia:
kikombe kikubwa kimoja, vijiko kumi na vinane.
Nikavimimina kwenye sahani. Kichuguu cheupe
chini ya dirisha lenye theluji.
Asidi kidogo, rangi kidogo, harufu ya tunda lisilo na mti.
Kilichobaki chote kimetoka bombani.
Nikaandika nyuma ya risiti, kwa mizani niliyofunzwa na baba:

Ondoa kwanza sukari, yabakiayo ni maji,
Toa gesi ya fahari, itekenyayo wanywaji,
Rangi nayo si johari, ni kanzu ya muuzaji,
Mbona walipa mahari, kwa binti wa mfereji?

Jumanne mchana huja Bwana Drozd,
zamani fundi wa mabomba ya mji, sasa magoti yamekwisha.
"Maji," anasema. Namwonyesha kikombe cha bure,
kile cha pembe, saizi ya kumezea kidonge.
"Nilichimba mtaro wa bomba hili," anasema, bila hasira,
"mwaka wa theluji ile kubwa. Udongo ulikuwa chuma."
Kisha anatoa pochi, anahesabu sarafu, analipia soda
ili apate kikombe.

Nikabonyeza. Mashine ikakohoa.
Mfuko wa shira ulikuwa umekauka, na mimi sikujua;
kikombe kikajaa maji matupu yenye povu,
unaona hadi chini.
"Subiri, nibadilishe mfuko..."
"Usiguse."
Akanywa wima, macho yamefumbwa,
kama mtu anayesikiliza kitu chini ya sakafu.
Nikamrudishia pesa zake zote. Hakuuliza kwa nini.

Usiku Darlene akahesabu. Pungufu kimoja.
Kwenye daftari kuna nafasi ya sababu.
Wenzangu huandika: kimepasuka.
Karatasi haipasuki.
Nikaandika: kimelowa.